Nene au nyembamba, pakiti au kopo: kreyoni za watoto wadogo na mahali pa kuzilaza

Machi iliyopita, Ijumaa jioni, niliacha pakiti mbili za kreyoni dirishani, nikafunga kituo, nikaenda zangu. Dirisha lile linatazama magharibi, na juu yetu ni bati tupu. Dari bado ni mpango. Jumatatu asubuhi sikukuta kreyoni 24. Nilikuta mkate. Nyekundu imeingia kwenye njano, bluu imelalia kijani, na vikaratasi vyake vimegandia humo ndani kama majani ya chai chini ya kikombe. Mtoto mmoja wa miaka minne akauinua kwa mikono miwili, akaunusa, akauliza: "Ticha, keki ya nani?"

Nalea watoto 17 pale Mbagala, Dar es Salaam, wa miaka miwili hadi mitano, na nyumbani nina wangu mmoja. Kwa hiyo kreyoni kwangu ni kama mkaa: zinanunuliwa, zinaisha, zinanunuliwa tena. Kwa muda mrefu nilinunua kwa kutazama bei na idadi ya rangi. Baada ya ule mkate nikaanza kuzitazama kwa mkono wa mtoto na kwa joto la chumba, nikaona pesa yangu ilikuwa inapotelea hapo hapo.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Nasema kreyoni kwa sababu ndivyo wauzaji wa Kariakoo wanavyosema, yaani vile vijiti vya nta vilivyovishwa karatasi. Kwenye orodha ya mahitaji ya shule utakuta "rangi za kuchorea", maneno yanayobeba kila kitu, na matokeo yake mzazi mmoja analeta penseli za rangi, mwingine maka peni, mwingine pasteli za mafuta, na wote wametii orodha. Ukiwa wewe ndiye unayeandika orodha, andika "kreyoni za nta, nene, rangi 8". Utawaokoa wazazi safari ya pili.

Nene na nyembamba

Kreyoni nyembamba ya kawaida ina unene wa milimita 8 hivi na urefu wa sentimita 9. Nene ina kama milimita 11, na urefu wa sentimita 10. Ukizishika dukani unaona tofauti ndogo. Milimita tatu ni nini? Lakini uimara wa kijiti hauendi kwa kujumlisha. Kikiongezeka unene kidogo, nguvu inayohitajika kukivunja inapanda haraka: kwa nta ile ile, kijiti cha milimita 11 kinastahimili kukunjwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha milimita 8. Hesabu hii huiona hata asiyejua hesabu. Kwenye kundi langu la miaka miwili, pakiti ya nyembamba ikifunguliwa saa tatu, kabla ya uji tayari ina vipande 20 na zaidi.

Sababu iko mkononi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili hushika kreyoni kwa ngumi, kama anavyoshika mchi, na anachora kwa bega. Mkono wote unashuka. Akifika mitatu, vidole vinaanza kushuka kuelekea ncha, kiganja kikiwa bado kimetazama chini. Kati ya minne na sita ndipo anaanza kushika kwa vidole vitatu, kama anayechota chumvi. Hatua hizi hazina tarehe kamili. Ninaye wa miaka mitano anayeshika kwa ngumi anapochoka, na wa mitatu anayeshika kama karani.

Basi wa ngumi mpe nene. Nyembamba inapotea ndani ya kiganja chake, inabaki ncha tu nje, na akikandamiza inakatika. Wa vidole vitatu mpe nyembamba, kwa sababu sasa anataka kuchora jicho ndani ya uso, na nene inamziba: jicho linakuwa kubwa kuliko kichwa, naye anakasirika. Anayekaribia kuvuka namwekea zote mbili mezani achague mwenyewe. Mara nyingi huanza na nene kupaka nyasi, anamalizia na nyembamba kuchora kuku.

Bei? Nene ni ghali ukihesabu kwa kijiti, na muuzaji atakukumbusha. Niliwahi kusimama kwenye meza ya kijana mmoja Mtaa wa Kongo, akanishikisha pakiti ya nyembamba. "Dada, hii ina rangi 24, bei ile ile ya hizo nane. Unapoteza." Nikamwambia, "Kaka, atakayezishika ana miaka miwili." Akacheka, akanipunguzia za nene. Kwa mtoto wa miaka miwili, pakiti ya 24 nyembamba ni pakiti ya vipande 60 kufikia Jumatano, na vipande vya namna hiyo kwa umri ule ni vya kuondolewa mezani, kwa sababu nitakayosema mbele.

Kuna pia za pembe tatu, zilizotengenezwa zisibiringike. Kwenye meza zina maana, hasa meza za shule zile zenye mteremko: kreyoni ya duara inaanguka kwenye sakafu ya saruji, inakatika. Sisi tunachorea kwenye mkeka. Kwenye mkeka hakuna kinachobiringika, basi sioni haja ya kulipia pembe.

Nta, pasteli, na nyingine zinazofanana nazo

Hapa ndipo watu wanakosea zaidi, kwa sababu dukani zinalala pamoja na zote zimevaa karatasi. Kreyoni ni nta ya parafini iliyochanganywa na rangi ya unga. Pasteli ya mafuta ina nta pia, lakini imeongezwa mafuta ambayo hayakauki. Wajapani ndio walioileta sokoni, kampuni ya Sakura, mwaka 1925, wakitaka kitu kinachochorea kirahisi kama kreyoni lakini chenye rangi nzito. Na kweli ni nzito. Mtoto akigusa tu karatasi, nyekundu inawaka.

Tatizo ni hayo mafuta. Picha ya pasteli hata ikikaa mwezi inaacha rangi kwenye kidole. Ukipanga kazi za watoto juu ya nyingine, ya chini inachapa mgongo wa ya juu. Shati jeupe la sare likigusa, mama yake atakupigia simu. Na kwenye joto letu pasteli hulainika mapema. Saa nane mchana katika kaskazi inakuwa kama siagi, inapindika mkononi kabla ya kukatika.

Namna ya kuzitofautisha dukani ni kucha. Kwaruza kidogo upande wa chini usiovaa karatasi. Kreyoni inatoa unga mkavu wa nta, kucha inateleza. Pasteli inaingia kama sabuni na kubaki chini ya kucha. Kama muuzaji hataki ufungue pakiti, zisome maandishi, na kama maandishi yote ni ya lugha usiyoijua, zipime kwa macho: pasteli huwa fupi, kama urefu wa kidole cha kati, na ncha yake ni bapa, haikuchongwa.

Hata hivyo siwezi kuzikataa pasteli kabisa. Mtoto mwenye mkono dhaifu, au anayekata tamaa haraka kwa sababu rangi "haitoki", pasteli humpa moyo. Nina kopo moja la pasteli, na linatoka Ijumaa tu, aproni zikiwa zimevaliwa. Kwa nyumba yenye mtoto mmoja na ukuta uliopakwa juzi, ningesubiri afike miaka mitano.

Kreyoni zinazofulika ni jamii nyingine. Zimetengenezwa ili zitoke kwa maji na sabuni, ukutani na kwenye nguo, na kwa kiasi kikubwa hutoka. Kwa nyumba ya kupanga yenye baba mwenye nyumba mkali, nunua hizi, usitazame nyuma. Ubaya wake ni huo huo wema wake: maji yanaziyeyusha. Mtoto mwenye mate mengi au mikono iliyotoka kunawa anazifanya zinate, na midomo inakuwa zambarau. Na ukitaka ule mchezo wa kupaka rangi ya maji juu ya mchoro wa nta, ili nta iyakatae maji na mchoro ujitokeze, nta ya kawaida ndiyo inayofaa. Mchezo huo, kwa njia, ndio kazi pekee niliyowahi kuipatia kreyoni nyeupe. Chora kwa nyeupe kwenye karatasi nyeupe, kisha mtoto apake maji ya manjano, ile ile bizari ya jikoni iliyokorogwa. Samaki anatokea kama kwa uchawi. Vinginevyo nyeupe hukaa kwenye pakiti miaka, ndefu na safi, ikiwaona wenzake wakiisha.

Penseli za rangi na maka peni nazitaja kwa kupita. Penseli inahitaji kuchongwa, na watoto 17 na kichongeo kimoja ni foleni ya hospitali. Maka inakauka mfuniko ukipotea, na mfuniko utapotea. Zaidi ya hapo maka haimfundishi mkono kukandamiza: ukigusa kidogo au sana, mstari ni ule ule. Kreyoni inajibu. Ukiisukuma inakoza, ukiilegeza inafifia, na huko ndiko mkono unakojifunza kuandika.

Zipo pia za nta ya nyuki, nyingine vijiti, nyingine matofali madogo. Za Stockmar kutoka Ujerumani ndizo zinazojulikana zaidi. Ni ngumu, hazilainiki haraka, zinanukia asali kidogo. Ni ghali. Inanichekesha kwamba Tabora tunatoa asali na nta inayosafirishwa nje, kisha kreyoni ya nta ya nyuki inaturudia kwa bei ya kiatu.

Na ndani ya nta ya kawaida yenyewe kuna nzuri na mbovu. Mbovu ni mshumaa uliopakwa rangi: unasugua, karatasi inang'aa, rangi huioni. Mimi hubeba risiti kwenye mkoba na kujaribu njano na bluu nyuma yake kwa mkono mwepesi. Nachagua njano kwa sababu ndiyo inayodanganya. Kwenye kreyoni dhaifu njano haionekani kabisa. Kama mtu mzima analazimika kukandamiza, mtoto atavunja.

Nane au 24

Crayola walipoanza kuuza kreyoni zao mwaka 1903, Marekani, pakiti ilikuwa na rangi nane kwa senti tano: nyeusi, kahawia, bluu, nyekundu, zambarau, chungwa, njano na kijani. Hadi leo sijaona sababu ya kumpa mtoto wa chini ya miaka minne zaidi ya hizo. Anajifunza majina, na Kiswahili chetu kimemrahisishia, maana rangi nyingi tumeziita kwa vitu anavyoviona: kijani ni majani, kahawia ni kahawa, chungwa ni chungwa, zambarau ameila jana. Ukimmwagia 24, kijani tatu zinazokaribiana zote anaita kijani, na yuko sahihi.

Wa miaka mitano ni mwingine. Huyo anataka bluu ya bahari na bluu ya anga ziwe mbili, na ukimpa moja anaona umemnyima. Kumi na mbili zinamtosha. Ukiongeza, ongeza kahawia. Nasema hivi kwa uzoefu: kwenye kituo changu kahawia ndiyo inayoisha kwanza, kila mara. Inachora udongo, mti, mbuzi, nyumba, na inachora watu, maana watoto wanajichora wenyewe. Wauzaji wa pakiti kubwa wanaweka waridi mbili na kahawia moja, kana kwamba kila mtoto duniani ana mashavu ya waridi. Crayola wenyewe walikuwa na rangi waliyoiita ya mwili, karibu na pichi, wakaibadilisha jina mwaka 1962; mwaka 2020 wakatoa seti ya rangi 24 za ngozi za watu, kuanzia nyeusi ya kahawa hadi nyeupe ya maziwa. Sisi tunamaliza tatizo kwa kununua kahawia za pakiti mbili tofauti, kwa kuwa kila kiwanda kina kahawia yake, moja nyekundu kidogo, nyingine ya kijivu. Watoto wanazigombania kwa majina: "hii ya bibi, hii yangu."

Kinachoandikwa nyuma ya pakiti

"Isiyo na sumu" imeandikwa karibu kila pakiti, na kuandika hakuna gharama. Tazama kilichosimama nyuma ya maneno. Alama ya TBS, shirika la viwango la kwetu Tanzania, au KEBS ya majirani zetu Kenya. EN 71 ni viwango vya Ulaya vya vitu vya kuchezea. Sehemu yake ya tatu ndiyo inayopima metali zinazoweza kutoka mtoto akimeza. ASTM D-4236, kiwango cha Marekani cha vifaa vya sanaa, wengi hukisoma vibaya: maana yake ni kwamba mchanganyiko umekaguliwa na hatari zake, kama zipo, zimeandikwa kwenye pakiti. Hakisemi kwamba hatari hazipo. Alama ya AP ya ACMI, taasisi ya Marekani ya vifaa vya sanaa, duara dogo lenye herufi hizo, ndiyo inayosema haina sumu.

Si woga wa bure. Mwaka 1994 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliziondoa sokoni kreyoni za chapa kadhaa zilizotoka China kwa sababu ya madini ya risasi. Mwaka 2000 gazeti moja la Seattle liliripoti nyuzi za asbesto kwenye kreyoni, zilizoingia kupitia talki, unga laini wa madini uliotumika kuimarisha nta, na viwanda vikubwa vikakubali kubadilisha mchanganyiko. Hivyo pakiti isiyo na jina la kiwanda, anuani wala nchi, mimi siinunui hata ikiwa bure. Zinazonukia stroberi au chokoleti pia siziingizi ndani. Mtoto wa miaka miwili akinusa chokoleti, yeye ndiye mwenye akili timamu akiiuma.

Sasa vile vipande. Kipimo cha Marekani cha vitu vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kitungi chenye upana wa milimita 31.7; kinachoingia chote humo kinahesabiwa ni hatari. Kreyoni nzima inachomoza nje. Kipande cha sentimita mbili kinazama chote, kiwe cha nene au cha nyembamba. Kwa wadogo, basi, kikikatika kinatoka mezani. Kwa wa miaka minne na kuendelea ni kinyume: vipande vya sentimita tatu vinawalazimisha kushika kwa ncha za vidole, ngumi haipati nafasi, na walimu wengi wanaofundisha kushika penseli huvikata makusudi. Usivitupe. Viweke kwenye kopo lao, mbali na wadogo.

Mahali pa kuzilaza

Nirudi kwenye mkate wangu. Crayola wanasema kreyoni zao huanza kulainika kwenye nyuzijoto 40 hivi na kuyeyuka kati ya 49 na 64. Dar es Salaam ya Februari, kivulini, ni 32 au 33. Unaweza kudhani tuna nafasi. Lakini gari lililofungwa juani linapita 50 bila shida, na chini ya bati tupu, karibu na paa, joto la mchana haliko mbali na hapo. Dirisha la magharibi linaongeza jua la moja kwa moja. Kreyoni zangu hazikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyezilaza kwenye jiko.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chombo gani, uliza mahali gani. Joto linapanda. Rafu ya juu, ambako wengi wetu tunaweka vitu ili watoto wasifikie, ndiko kwenye moto zaidi. Zetu sasa zinalala chini, kona ya mashariki, karibu na mtungi wa maji, ndani ya kabati dogo lenye komeo. Nyumba yenye dari na feni haina shida hii. Ya tofali za kuchoma pia ni afadhali. Anayeishi kwenye baridi ya Mbeya au Lushoto aruke aya hii, ingawa gari lake likiegeshwa juani nalo litamfanyia keki.

Baada ya mahali, chombo. Pakiti yake ya asili inapendeza kwa wiki moja. Inaonyesha rangi zote kwa safu na mtoto anajifunza kurudisha kila moja tundu lake. Kisha mfuniko unachanika, unyevunyevu wa pwani unailegeza gundi, na mende wanakuja, maana wanapenda gundi na karatasi. Kama una mtoto mmoja aliye makini, pakiti imara inamtosha. Kwa watoto 17, hapana.

Kopo la bati, lile la maziwa ya unga, lina sifa moja kubwa: panya hawezi. Ukifunga kifuniko, umefunga. Lakini kreyoni zinasimama humo kama kuni, mtoto anayetaka kijani iliyo chini anamwaga zote, na kelele yake kwenye sakafu utaisikia hadi barabarani. Ukingo wake, kama ulifunguliwa kwa kisu, unakata. Upepo wa chumvi unalitia kutu. Na likikaa juani, bati linawaka kuliko hewa.

Mfuko wa plastiki wa zipu ni mzuri kwa safari na kwa mtoto anayehama kati ya nyumba ya mama na ya bibi: mwepesi, unaona kilicho ndani. Zipu inakufa ndani ya mwezi mmoja. Pochi ya kitenge yenye vijumba, ile mafundi wanayoshona kwa mabaki, ni nzuri zaidi kwa safari. Kila kreyoni ina nyumba yake na hazigongani. Ila kitambaa kinachafuka kwa nta, na ukisahau kukunja vizuri zinadondoka moja moja kama ushanga. Ningempa wa miaka mitano, si wa mitatu.

Trei la mayai lilisifiwa sana kwangu. Lina vitundu 30, kila kitundu rangi yake, na vipande vifupi vinakaa humo vizuri sana. Tatizo langu ni kwamba trei la karatasi lililobeba mayai haliwezi kuoshwa, na mayai hubeba vijidudu kwenye maganda. La plastiki, likioshwa kwa sabuni na kuanikwa, nalikubali.

Kilichoshinda kwetu ni kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, aina ya lile la aiskrimu la lita mbili. Ni fupi, kwa hiyo kreyoni zinalala na zinaonekana zote. Halitoi kelele, linaoshwa, mende hapiti, na likianguka halimuumizi mtu. Tuna manne. Kila moja linahudumia watoto wanne au watano na lina rangi nane, mbili mbili, kahawia tatu. Nilijaribu kumpa kila mtoto kopo lake lenye jina: wenye wazazi wenye uwezo walikuwa na 12 mpya, wengine vipande vinne, na mchana mzima ulikuwa ugomvi na machozi. Nilijaribu pia kopo moja kwa kila rangi, linavyopendeza kwenye picha za shule za wenzetu. Watoto wote walikwenda kukaa kwenye kopo la nyekundu. Nyumbani lakini, kwa ndugu wawili waliopishana umri, ningetenganisha: nene kwa mdogo, nyembamba na vipande kwa mkubwa, na la mkubwa liwe na kifuniko kigumu.

Mambo mawili ya haraka. Pasteli zisilale kopo moja na kreyoni, zitazipaka zote mafuta. Na karatasi ya kreyoni usiibandue mapema. Inashikilia kijiti kisikatike na inazuia mkono usichafuke. Ibandue ikishabaki nusu, uilaze kreyoni kwa ubavu, mtoto asugue juu ya karatasi yenye jani la mwembe chini yake. Mishipa yote ya jani inatokea.

Ukutani zikishafika, kitambaa chenye maji na soda ya kuokea kidogo, taratibu. Rangi ya maji ya bei rahisi itatoka pamoja na kreyoni, basi anza pembeni. Nguoni, weka karatasi kavu juu na chini, pitisha pasi, nta inahamia kwenye karatasi, kisha fua.

Vipande vilivyozidi tunaviyeyusha kila mwisho wa muhula, watoto wakiwa wameshaondoka. Bandua karatasi, tia vipande kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Kamwe usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto. Nta ikizidi joto inashika moto, na maji hayauzimi moto wa nta, yanauchochea. Kopo hilo lisirudi jikoni. Mimina kwenye vikombe vya bati vya keki, acha vipoe hadi viwe baridi kabisa, gonga chini. Unapata kreyoni za mviringo, nene kuliko zote za dukani, zinazomjaa mtoto wa miaka miwili kiganjani na hazivunjiki. Ukitenga rangi, zinatoka rangi safi. Ukichanganya zote, inatoka rangi moja ya matope.

Ule mkate wa Machi sikuweza kuutenga. Niliukata kwa kisu cha zamani, nikauyeyusha wote, ukatoka vikombe sita vya kahawia nzito kama udongo uliolowa. Kahawia ilikuwa imetuishia tangu Februari. Asubuhi yake watoto walichora mbuzi hadi karatasi zikaisha.